Wewe komisionere, unatumikia nani?

Usomaji: Mwanzo 24.28-49, Yeremia 32.6-15

 

Leo nitasema na watu wa kazi moja tu. Lakini wengine musizime redio, kwa maana siku moja sisi wote tunapita katika mikono yao. Nitasema na makomisionere, wale wanaotutafutia nyumba na parseli. Katika miji yetu ni watu wachache sana wanaonunua nyumba bila wao. Ofisi yao ni simu na kivuli cha muti kwenye kona ya avenyu. Wanajua kila nyumba inayouzishwa, wanajua nani amekufa, nani ana deni, nani anataka kuhama. Ni kazi. Ninasema hivyo kwanza, kwa sababu wahubiri wengine wanawatukana kama vile wote ni wezi. Kumutembeza mutu siku tano kwa jua, kumupatanisha na mwenye nyumba, kukaa nao mpaka usiku wakibishana juu ya bei, hiyo inastahili mushahara. Mimi sipigani na komisio. Ninapigana na uongo unaojificha ndani ya komisio.

Tuanze na Mwanzo sura ya 24. Tumezoea kuihubiri sura hii wakati wa ndoa, lakini muiangalie vizuri: habari hii ni ya mutu aliyetumwa. Abrahamu amezeeka, anamutuma mutumishi wake mbali sana akamutafutie Isaka muke. Ule mutumishi anafika kwa jamaa la Rebeka, ngamia wanafunguliwa mizigo, wanamuletea maji ya kunawa miguu na chakula. Naye anakataa kula kwanza. Anasema hatakula mpaka aseme jambo lililomuleta. Na neno la kwanza kabisa katika kinywa chake ni kuonyesha yeye ni mutumishi wa nani.

Munaona? Mbele ya chakula, mbele ya zawadi, mbele ya mapatano, alionyesha anamutumikia nani. Halafu akaeleza agano lote alilofanya na bwana wake, hata maneno yaliyoweza kumuharibia safari. Na aliporudi, andiko linasema alimuhesabia Isaka yote aliyoyafanya.

Sasa komisionere wa kwetu, ukiulizwa unamutumikia nani, utajibu nini? Mwenye nyumba alikuita, akakuambia umutafutie mununuzi. Mununuzi naye alikuita, akakuambia umutafutie nyumba. Kwa mwenye nyumba unasema: «Mimi ni mutu wako.» Kwa mununuzi unasema: «Mama, mimi ni mutoto wako, siwezi kukudanganya.» Umekuwa mutumishi wa wawili, na kila mumoja anafikiri uko wake peke yake. Hapo ndipo uovu wote unaanzia. Sisemi ni zambi kulipwa na pande mbili. Kuna desturi ya kugawanya komisio, na ikiwa wote wawili wanajua na wamekubali, sina neno. Zambi ni pale ambapo kila mumoja anafikiri ni yeye tu anayelipa.

Nifanye hesabu moja, tuelewane. Mwenye nyumba anasema anataka dola 12.000. Wewe unamwambia mununuzi kwamba mwenye nyumba amekataa kabisa kushuka chini ya 15.000. Zile 3.000 za katikati zinaingia katika mufuko wako kimya. Halafu unamuomba mununuzi kumi kwa mia ya 15.000, ndiyo 1.500. Na mwenye nyumba naye unamuomba kumi kwa mia ya 12.000, ndiyo 1.200. Jumla umepata dola 5.700. Mununuzi ametoa 16.500, mwenye nyumba amebaki na 10.800. Ulichobeba wewe, ambaye haukuweka hata tofali moja, kinapita nusu ya kile mwenye nyumba amepokea. Na jioni unakuja kwenye maombi, unatoa ushuhuda kwamba Bwana amefungua mulango.

Bwana gani huyo?

Sheria ya inchi yetu inajua jambo hili. Sheria juu ya mapatano, ambayo ni ya zamani sana, ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888, inasema juu ya mutu anayepewa kazi na mwingine amufanyie jambo kwa jina lake. Inamulazimisha kumutolea hesabu ya kazi yake na kumurudishia kile alichokipokea kwa ajili yake. Basi zile 3.000 si bahati yako. Ukificha bei ya kweli, unaiba kwa mutu aliyekutegemea, hata kama tribinali haijakuita.

Na kuna wizi mwingine mudogo ambao watu hawauhesabu. Mununuzi anakuambia kwa siri: «Mimi nina 14.000, lakini nataka kuanza na 11.» Amekufungulia moyo kwa sababu wewe ndiwe mutu wake. Unatoka pale, unapiga simu kwa mwenye nyumba: «Usishuke, huyu ana 14.» Umeuzisha siri ya mutu. Unafikiri ni akili ya biashara. Mimi ninaiita kazi ya Yuda, lakini yeye alipata vipande 30 tu.

Sasa nifike kwenye jambo lenye kuniumiza zaidi, nalo ni kunyamaza.

Kuna mama mumoja mujane ambaye ninamujua. Sitamutaja jina, wala jina la mutaa. Miaka kumi na moja aliuzisha ndagala. Mumesikia? Miaka kumi na moja, franka kwa franka, likelemba kwa likelemba, mpaka akapata feza ya kununua nyumba ya vyumba viwili. Komisionere akamupeleka. Nyumba ilikuwa nzuri, bei ilikuwa ya chini kidogo, akafurahi, akalipa. Nyuma ya miezi mine wakafika watu watatu na karatasi ya tribinali. Yule aliyemuuzishia alikuwa mutoto mumoja tu kati ya watoto wa marehemu, na ndugu zake walikuwa wamekwisha kumushitaki mbele hata ya siku ile mama alipolipa. Komisionere alijua. Avenyu nzima ilijua. Nilipomuita na kumuuliza kwa nini hakumwambia mama, alinijibu hivi: «Muchungaji, yeye hakuniuliza.»

Hakuniuliza! Nimebeba jibu hilo moyoni miezi mingi. Katika Walawi 19.14 Mungu anakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Mununuzi anayekuja katika avenyu asiyoijua ni kipofu. Yeye hajui aulize nini. Kama angejua maulizo yote, angekuitia nini? Anakulipa kwa sababu wewe una macho. Sasa wewe mwenye macho unaona shimo, unamushika mukono, unamupeleka taratibu mpaka kwenye shimo, halafu unasema hakuuliza kama kuna shimo?

Mama yule leo analala kwa dada yake, pamoja na watoto wane, katika chumba kimoja. Kesi inaendelea. Aliyepokea feza amekwenda Kalemie, wengine wanasema Lubumbashi. Na komisionere wake hakurudisha hata komisio.

Kwa hiyo ninawaambia makomisionere kile munachopaswa kumwambia mununuzi bila kuulizwa, na wewe mununuzi uandike.

Mwambie kwanza juu ya karatasi. Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Sisi watu tunapewa haki ya kuutumia, na kwa Mukongomani haki hiyo inaweza kuwa ya siku zote. Lakini karatasi inayoonyesha haki hiyo ni moja: sertifika ya kuandikisha, ile inayotolewa na konservatere wa vyeo vya udongo. Karatasi ya shefu wa avenyu si sertifika. Fishi ya kartie si sertifika. Hizo zinaweza kusaidia kama ushuhuda, nami sizizarau, maana watu wengi maskini hawana kingine. Lakini komisionere anayeonyesha fishi yenye mihuri mitatu na kusema «karatasi zote ziko sawa» anadanganya, na anajua anadanganya. Useme wazi: «Mama, nyumba hii haina sertifika, ina fishi tu, na bei yake ni ya nyumba yenye fishi tu.» Halafu yeye mwenyewe achague.

Hata kama sertifika iko, haitoshi kuiona katika plastiki. Mupeleke mununuzi katika ofisi ya konservatere mukaulize kama ndiyo ile iliyo katika kitabu chao, na kama hakuna deni la banki au kesi iliyoandikwa juu yake. Kisha watu wa kadasta waje waangalie mawe ya mipaka. Kumbukumbu 27.17 inamulaani mutu anayesogeza mupaka wa jirani yake. Nimeona parseli zinazoitwa 20 kwa 25 ambazo kwa kamba zinapatikana 17 kwa 22, na komisionere anasema eti kamba imevuta. Na nyuma ya kulipa, kazi yako haijaisha mpaka jina libadilishwe na sertifika mupya itoke katika jina la mununuzi. Wengi munakimbia siku ileile munapopokea komisio. Mununuzi anabaki na karatasi yenye jina la mutu mwingine, na mutu yule anaweza kuuzisha tena. Sheria inaita jambo hilo steliona, kuuzisha nyumba isiyo yako, na linapeleka katika gereza.

Mwambie tena ni nani walio ndani ya nyumba ile. Mwanaume anauzisha: muke wake yuko wapi? Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, ile iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka bwana na bibi wote wawili wakubali mbele ya kuuzisha nyumba au parseli, hata ndoa yao iwe ya mupango gani wa mali. Kuna waume wanaouzisha wakati muke amekwenda kijijini kulima. Komisionere, ukiona bwana anataka kumaliza haraka mbele ya siku ya posho, ujiulize nani anarudi siku ya posho. Na ikiwa ni nyumba ya marehemu, watoto wote ni wariti, hata yule aliyezaliwa inje ya ndoa ikiwa baba alimutambua. Mujane naye ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba alimokaa na mume wake. Basi sahihi ya muzaliwa wa kwanza peke yake haitoshi, hata kama ana sauti kubwa, hata kama shemeji wote wanasimama nyuma yake. Muwaite wote. Kama mumoja yuko Bujumbura, mungojee au alete barua iliyotiwa muhuri na notere.

Mwambie pia juu ya maji na udongo wenyewe. Hapa hakuna hata sababu ya kubishana, ni uzima wa watu. Mwezi wa 4 mwaka 2020 muto Mulongwe uliingia katika Uvira na kubeba nyumba na watu. Mwezi wa 5 mwaka 2023 tulilia Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe. Goma inajua moto wa Nyiragongo, tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002 na tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021. Bukavu kila musimu wa mvua tunasikia kilima kimeteremuka na nyumba juu yake. Sasa kuna makomisionere wenye akili ya nyoka: parseli za kando ya muto na za kwenye mutelemuko wanazionyesha katika kiangazi, mwezi wa 7 na wa 8, udongo ukiwa mukavu, muto ukiwa kama mufereji wa kuoshea miguu. Ukuta unaonyesha mustari ambapo maji yalifika, nao wanapaka rangi mbele ya mugeni kufika. Ndugu yangu, ukimuweka mutu na watoto wake pale na maji yakaja usiku, utasema hakuuliza?

Haya mengine ni madogo, nitapita haraka: deni ya SNEL na ya REGIDESO, mupangaji aliyekwisha kulipa miezi sita na hatatoka, njia ya kuingilia ambayo ni ya jirani, choo kilichojaa. Yote yasemwe.

Na feza isipite katika mikono yako. Avansi ya nyumba ipewe mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya mashahidi, na karatasi iandikwe siku ileile. Komisionere anayesema «nipe mimi, nitamufikishia» anajitia katika jaribu, hata kama ni mutu mwema. Wengi walioanguka hawakupanga kuiba. Mutoto aliugua wiki ile, feza ya mutu mwingine ilikuwa ndani ya mufuko, na ndivyo ilivyokwenda.

Sasa musome Yeremia 32. Yerusalema imezungukwa na waaskari wa Babeli, nabii mwenyewe yuko katika kifungo, na mutoto wa baba yake mudogo, Hanameli, anakuja kumuuzishia shamba kule Anatoti. Musikilize ginsi alivyonunua. Alipima feza katika mizani, shekeli 17. Akaandika karatasi. Akatia muhuri. Akaita mashahidi, nao wakaandika majina yao. Karatasi zilikuwa mbili, moja iliyofungwa na moja iliyo wazi, naye akampa Baruku mbele ya watu wote waliokaa pale, akamwambia aziweke katika chungu cha udongo ili zidumu siku nyingi. Hiki ndicho ninachopenda: huyu ni nabii, amesikia sauti ya Mungu juu ya shamba lile, lakini hakusema «Bwana amesema, karatasi za nini?» Aliandika, akatia muhuri, akaita mashahidi. Na hatari ya shamba lile haikufichwa. Adui alikuwa anaonekana kwa macho. Yeremia alinunua akijua.

Ninasema hivyo kwa sababu sisi waamini tuna ugonjwa wetu. Ndugu anamuuzishia ndugu, wanaombea, wanashikana mikono, hakuna karatasi. Wanasema kuandika ni kukosa imani. Hapana. Sisi makanisa ni wa kwanza! Ni parseli ngapi za makanisa zimenunuliwa kwa maombi ya kufunga siku tatu na bila kupima mupaka hata mara moja? Leo vyumba vyetu vingine vimesimama juu ya njia ya Leta, na siku buldoza inafika tunasema ni Shetani.

Mununuzi, neno lako ni fupi. Mezali 20.14 inamujua vizuri mutu anayesema kitu ni kibaya wakati wa kununua, kisha akifika kwake anajisifu. Usimutembeze komisionere wiki mbili, halafu ukamuzunguka, ukaenda kwa mwenye nyumba peke yako usiku ili usimulipe. Hiyo nayo ni wizi. Na usikubali kuandika bei ndogo katika akte ili kupunguza kodi ya Leta. Umelipa 15.000, umeandika 5.000: siku mapatano yakivunjika, tribinali itasoma 5.000, na zile nyingine utazidai kwa nani?

Wengine wataniuliza: «Muchungaji, ukituambia tuseme yote, nani atanunua? Watoto watakula nini?» Ni ulizo la haki, sitalikimbia. Ni kweli, nyumba zingine hazitanunuliwa. Juma hili utapoteza komisio moja, labda mbili. Lakini ninajua komisionere mumoja katika muji wetu, muzee sasa, ambaye watu wanatoka mbali kumutafuta, hata watu wasiosali kwetu, kwa sababu aliwahi kumwambia mutu: «Hii usinunue.» Hana pikipiki ya mupya kama vijana. Lakini jioni anapita katika kila avenyu alimouzisha nyumba, na hakuna mulango anaouzunguka.

Juu ya sadaka, nimalize neno hilo pia, maana limenichongea maneno. Ndiyo, nilirudisha bahasha. Ilikuwa zaka ya komisio ya nyumba ya yule mama wa ndagala. Wazee wengine walisema kanisa lina jengo la kumaliza, na mabati hayajui yametoka wapi. Mimi ninasema mama yule anajua, na anakaa kwenye benchi la tatu kila siku ya yenga. Zakayo aliposimama mbele ya Yesu, hakuwasahau wale aliowazulumu, akaahidi kuwarudishia mara ine. Komisionere yule akitaka kutoa, mulango wa dada ya mama ule anaujua.

Na wewe uliyenunua tayari, unayesikiliza sasa moyo ukipiga, usikae ukilia. Kesho asubui chukua karatasi zote ulizo nazo, hata kipande cha daftari chenye sahihi, utoe fotokopi, uende kwa konservatere ukaulize nyumba iko katika jina la nani. Sertifika ikikwisha kutoka katika jina la mutu mwingine na miaka miwili ikapita, sheria inaifunga: hautaweza tena kuipindua, utabaki kudai malipo ya hasara tu. Basi siku zina maana. Usiende peke yako, uende na mutu anayejua kusoma Kifaransa vizuri, na kama una njia, uende na avoka.

Makomisionere wa kanisa letu, na wa makanisa mengine wakipenda, ninawangojea siku ya posho saa tisa, nyuma ya chumba cha maombi. Muje na majina ya nyumba munazozitembeza sasa. Tutaanza na zile ambazo munajua kuna neno ambalo hamujasema.